Haki ya Nakala ya Jana

Kufuta ni kazi nyepesi kuliko kuandika. Ubao ulioandikwa kwa saa nzima hufutwa kwa kupitishiwa kitambaa mara mbili, na karatasi iliyomkesha mwandishi usiku kucha huteketea kabla maji ya chai hayajachemka. Kwa kuwa kufuta ni kwepesi, wengi hudhani kuwa ni jambo dogo, lisilokuwa na swali la wema wala ubaya ndani yake. Mtu akikosea hufuta. Akifuta huandika upya. Akiandika sawa hufurahi, na kosa lake huwa kama kwamba halikupata kuwako. Yamkini desturi hii haina madhara kwa mtoto ajifunzaye kujumlisha ubaoni. Lakini kwa mtu ambaye maandishi yake hutumiwa na wengine, liko swali lisilokwepeka. Kosa lililokwisha sahihishwa ni mali ya nani? Je, aliyelitenda ana haki ya kuliondoa duniani, au ana deni la kulihifadhi?

Swali hili ni la kale, lakini kazi moja mpya imelifanya kuwa swali la kila siku. Kazi hiyo ni utungaji wa programu za kompyuta. Programu ni maandishi ya amri, mstari baada ya mstari, ambayo kompyuta huyafuata bila ya kuongeza wala kupunguza. Mtungaji wa programu hubadili maandishi yake mara nyingi kuliko mshairi abadilivyo beti zake. Hubadili asubuhi, hubadili mchana, na usiku hurudi kubadili aliyoyabadili mchana. Kila anapoamuru maandishi yahifadhiwe, yale mapya hukaa mahali pa yale ya zamani, na ya zamani hutoweka. Kwa hiyo neno kuhifadhi, kwa maana hii ya kompyuta, lina udanganyifu ndani yake: huhifadhi ya leo na kutupa ya jana. Mwanafunzi aanzaye kazi hii aghalabu huujua udanganyifu huo siku anapoharibu programu iliyokuwa ikifanya kazi, akatamani kuirudia ilivyokuwa jana, akakuta jana haipo.

Hasara hiyo ni chungu, lakini ni hasara yake mwenyewe. Atakesha, ataandika tena, na majuto yake yatakuwa mwalimu wake. Kama jambo lingekoma hapo, kuhifadhi matoleo ya zamani kungekuwa busara tu, mfano wa kuweka akiba ya nafaka ghalani. Na asiyeweka akiba hulala njaa, lakini hamdhulumu mtu. Swali la haki laanza pale toleo la jana lilipokuwa limekwisha tumiwa na mtu mwingine.

Na ufikiriwe mfano mmoja. Kijana wa Kilwa Masoko, aliyejifunza kutunga programu kwa miezi michache, aliombwa na mjomba wake, mwenye mashua ya uvuvi, amtengenezee hesabu ya mgawo. Desturi ya chombo hicho ilikuwa hii: katika fedha ya samaki waliouzwa mnadani zilitolewa kwanza gharama za safari, yaani mafuta, barafu na chakula, kisha salio liligawanywa nusu kwa nusu. Nusu moja ilikuwa ya chombo na nyavu, na nusu ya pili ilikuwa ya mabaharia sita, mafungu sawa. Samaki wakiuzwa kwa shilingi 240,000, na gharama zikiwa shilingi 60,000, salio lilikuwa 180,000. Chombo kilipata 90,000, na kila baharia alipata 15,000. Kijana aliiandika hesabu hiyo kwa mistari isiyozidi thelathini. Ilifanya kazi sawasawa, mjomba akaridhika, na nahodha akaacha kuhesabu kwa vidole.

Siku moja kijana alitaka kuipamba kazi yake. Alihamisha mistari huku na huku ili mgawo uonekane vizuri katika simu ya nahodha. Katika kuhamisha huko, mstari wa kugawa nusu ulitangulia mstari wa kutoa gharama. Programu haikulalamika, maana kompyuta hutii amri wala haiulizi haki. Tangu siku hiyo fedha ya samaki iligawanywa nusu kwanza, chombo kikachukua 120,000 kamili, na gharama zote za safari zikaangukia nusu ya mabaharia. Katika 120,000 yao zilitolewa 60,000, zikabaki 60,000, na kila mmoja akapokea 10,000 badala ya 15,000. Samaki hupanda na kushuka bei, bahari hutoa na kunyima, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka mapema. Aliyegundua alikuwa baharia mmoja mtu mzima, ambaye hakusoma sana lakini alijua kuhesabu moyoni. Aliuliza kwa upole, akajibiwa kuwa mashine haikosei. Akauliza tena siku ya pili, na kijana akaitazama programu yake, akaliona kosa, akaona na haya. Usiku uleule alisahihisha, akahifadhi, na toleo lenye kosa likatoweka.

Taabu ilianza baada ya kusahihisha. Mwenye chombo alikiri kuwa mabaharia wamepunjwa na wanastahili kulipwa. Lakini walipwe kwa safari ngapi? Daftari la mnada lilionyesha samaki waliuzwa kwa kiasi gani, lakini halikuonyesha kila baharia alipewa nini, maana mafungu yalisomwa katika simu na kulipwa mkononi. Kwa kuwa kosa lilikuwa nusu ya gharama, nazo gharama zilikuwa zilezile kila safari, kila safari ya kosa ilikuwa deni la shilingi 30,000. Mabaharia walikumbuka safari kumi na nane, mwenye chombo akakumbuka kumi. Kwa hesabu ya kwanza deni ni 540,000, na kwa hesabu ya pili ni 300,000. Kati ya kumbukumbu hizo mbili zilining'inia shilingi 240,000, ambazo hapana mtu aliyeweza kuapa ni za nani. Kijana mwenyewe hakukumbuka siku aliyoihamisha ile mistari, kwa sababu wakati ule aliiona kuwa kazi ya urembo, na siku za urembo hazikumbukwi.

Katika mfano huu mjomba si mwizi, kijana si mwongo, na mabaharia si wachongezi. Kila mmoja atafuta haki, na haki haipatikani. Shahidi wa pekee wa jambo hili alikuwa programu mbovu pamoja na tarehe yake, naye shahidi huyo aliuawa na mkono uleule uliotaka kutenda wema. Hii ndiyo sababu kusahihisha peke yake hakutoshi. Sahihisho hulinda haki ya kesho. Kumbukumbu ya kosa hulinda haki ya jana. Mwenye kusahihisha bila ya kuhifadhi amelipa deni moja na kuvunja hati ya deni la pili.

Hapa yafaa kutazama ng'ambo. Mtu asimamaye pwani ya Kilwa Masoko hukiona Kilwa Kisiwani mbele yake, mwendo wa kilomita mbili hivi kwa mashua, na kisiwa hicho ni somo refu juu ya nakala na matoleo. Habari za wafalme wake zimefika kwa watu wa leo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kitabu cha João de Barros, mwandishi wa Ureno, kilichopigwa chapa mwaka 1552, miaka 47 baada ya majeshi ya Ureno kuuteka mji huo mwaka 1505. Barros alitumia habari za wafalme wa Kilwa zilizomfikia, akazitia katika kitabu chake kikubwa juu ya mambo ya Wareno katika Asia. Njia ya pili ni kitabu cha Kiarabu kiitwacho Kitab al-Sulwa, kilichotungwa na mtu wa Kilwa katika karne ya 16, ambacho nakala yake ilipatikana Unguja katika miaka ya 1870 na kufika mikononi mwa Sir John Kirk, balozi wa Uingereza. Nakala hiyo ilipelekwa London, na mwaka 1895 S. Arthur Strong aliitoa kwa chapa.

Njia hizo mbili hazipatani katika kila jambo. Nakala ya Kiarabu yasimulia baba na wanawe sita waliotoka Shiraz katika merikebu saba, zikatua mahali mbalimbali. Barros amtaja zaidi Ali, mwana wa sultani wa Shiraz, ambaye mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, na kwa ajili hiyo alidharauliwa na ndugu zake. Orodha za wafalme hutofautiana kwa majina, kwa mfuatano na kwa miaka ya kutawala. Nani alibadili? Je, ni Barros, au aliyemfasiria, au mwandishi wa Kilwa aliyependa ukoo fulani kuliko mwingine, au mnakili aliyechoka akaruka mstari? Kila mmoja yamkini alikuwa na sababu yake, na yamkini sababu ilikuwa nzuri. Walakini hapana hata mmoja aliyeacha maneno pembezoni kusema: hapa palikuwa hivi, nami nimepafanya hivi, tarehe fulani, kwa sababu fulani. Nakala zimesalia, sababu zimepotea, na wasomi wamefanya kazi ya miaka mingi wakitafuta kwa akili jambo ambalo mstari mmoja wa wino ungaliwaambia.

Hata hivyo, na ishukuriwe bahati kwamba nakala ni mbili zisizopatana badala ya kuwa moja iliyonyooshwa. Kama mtu mwenye nguvu angalizichukua zote mbili, akachagua maneno yaliyompendeza, akachoma yaliyobaki, leo pangalikuwa na historia moja laini, na hapana mtu angalijua mahali pa kutilia shaka. Kutopatana kwa nakala ni mlango wa kuuliza. Neville Chittick, aliyechimbua magofu ya Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutoa kitabu chake mwaka 1974, alishusha mwanzo wa utawala wa Ali bin al-Hasan hadi karibu mwaka 1200, tofauti na hesabu ya nakala ambayo ilikuwa nyuma zaidi. Kisha mwaka 1984 ikapatikana hazina ya sarafu zaidi ya elfu mbili huko Mtambwe Mkuu, Pemba, na baadhi ya wataalamu wakaurudisha utawala huo nyuma, katika karne ya 11. Marekebisho hayo yaliwezekana kwa sababu Chittick hakuandika hukumu peke yake. Aliandika na tabaka za udongo, na vigae, na sarafu, kila kitu mahali kilipokutwa. Aliacha njia ambayo mwingine angeweza kuifuata nyuma hadi mahali alipogeukia. Mwanachuoni akosolewaye kwa ushahidi alioutunza mwenyewe hakushindwa. Amefaulu mara mbili.

Tofauti baina ya Chittick na wanakili wa kale ndiyo tofauti baina ya kuhifadhi kwa kweli na kuhifadhi kwa jina. Hifadhi ya kweli ina mambo manne: maandishi yenyewe yalivyokuwa, siku yalipobadilishwa, jina la aliyeyabadilisha, na sababu ya kuyabadilisha. Kikikosekana kimoja, mengine hupungua thamani. Maandishi yasiyo na tarehe hayawezi kuamua deni la mabaharia. Tarehe isiyo na jina haimjui wa kuulizwa. Na jina lisilo na sababu hulaumu bila ya kufundisha.

Sasa na zisikilizwe hoja za wapinzani, maana si dhaifu. Hoja ya kwanza ni ya wahenga wenyewe: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mtu atasema kuwa mwenye kutunza makosa yake yote hujifunga minyororo, na ya kuwa toba ni kuacha kosa nyuma, si kulibeba mgongoni. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Pana watu ambao makosa yao ya zamani huwatafuna hata hawawezi kutenda jipya. Lakini na itazamwe methali yenyewe kwa makini. Yatumia neno kuganga, na kazi ya mganga ndiyo ifaayo kuulizwa. Mgonjwa akifika, mganga huuliza: maumivu yalianza lini? Ulikula nini siku ile? Ulitumia dawa gani kwanza? Hapana mganga wa yajayo asiyeuliza yaliyopita. Methali yakataza kulia juu ya jana. Haikatazi kuijua jana. Wala toba haikamiliki kwa kuacha peke yake pale alipodhulumiwa mtu; hutaka na kurudisha alichonyang'anywa, na hawezi kurudisha asiyejua alichukua kiasi gani.

Hoja ya pili ni ya wingi. Atunzaye kila kitu, husemwa, hatunzi kitu, kwa sababu kilichozikwa katika rundo ni sawa na kilichopotea. Hili nalo wanafunzi wa programu walijua vizuri. Mwanzo wao aghalabu ni kunakili faili na kulipa jina: hesabu, hesabu mpya, hesabu mpya ya pili, hesabu ya mwisho, hesabu ya mwisho kabisa. Baada ya mwezi mwenyewe hajui ipi ni ya mwisho kwa kweli, na ile iitwayo ya mwisho kabisa huwa na ndugu yake mdogo aliyezaliwa baada yake. Lakini ubaya wa rundo haukuwa katika kutunza. Ulikuwa katika kutunza bila ya utaratibu. Mafundi waliuona ubaya huo mapema. Mwaka 1972 Marc Rochkind, katika maabara ya Bell huko Marekani, alitunga chombo cha kwanza mashuhuri cha kutunza matoleo ya programu kwa utaratibu. Mwaka 2005 Linus Torvalds, Mfini aliyeanzisha Linux, alitunga chombo kiitwacho Git, ambacho sasa hutumiwa na watungaji wa programu karibu duniani kote, naye mwanafunzi hukipata bure.

Jinsi Git ifanyavyo kazi yastahili maelezo, kwa kuwa ndani yake mna fikra ya maadili. Mtungaji akiridhika na hatua moja ya kazi, huamuru iwekwe katika kumbukumbu, naye hutakiwa kuandika maneno machache ya kueleza alichofanya. Chombo huongeza jina na saa. Kisha hatua hiyo hupewa alama ndefu ya herufi na tarakimu, ambayo haichaguliwi na mtu. Huhesabiwa kutokana na yaliyomo katika hatua hiyo, pamoja na alama ya hatua iliyoitangulia. Kwa hiyo hatua zimefungamana kama shanga katika uzi mmoja. Mtu akibadili herufi moja katika hatua ya zamani, alama yake hubadilika, na alama za hatua zote zilizofuata hubadilika pia, na mwenye nakala nyingine ya kumbukumbu hiyo huona mara moja kuwa pameguswa. Kumbe uaminifu hapa haukuachiwa ahadi ya mtu. Umetiwa katika hesabu.

Lakini chombo si dhamira. Git yenyewe yaruhusu hatua za nyuma kupangwa upya, kuunganishwa au kutupwa, na mwenye kutaka kufuta kumbukumbu nzima aweza kuifuta. Chombo humsaidia mwaminifu kuwa mwaminifu kwa wepesi, wala hakimgeuzi mwongo. Hapo ndipo izukapo hoja ya tatu, iliyo ya haya. Je, mwanafunzi analazimika kuonyesha kila ujinga wake? Je, hana haki ya kupanga kazi yake kabla ya kuileta mbele ya watu, kama fundi cherehani afutavyo alama za chaki kabla ya kuikabidhi kanzu?

Anayo haki hiyo, na mfano wa kanzu waonyesha mpaka wake. Alama za chaki hazikumvika mtu. Hapana aliyezitegemea, hapana aliyelipwa wala aliyepunjwa kwa ajili yake. Ni mazungumzo ya fundi na nguo yake. Basi rasimu ambazo mwandishi hajazitoa ni zake, naye aweza kuzipanga, kuzifupisha na hata kuzichana. Lakini kanzu ikishavaliwa, ikapasuka bega mbele ya watu, fundi hawezi kuirudisha kwa siri, akaishona, kisha akaapa kuwa haikupata kupasuka. Mpaka ni huu: toleo likishatumiwa na mtu mwingine, si mali ya mwandishi peke yake. Limeingia katika maisha ya mwingine, limegawa fedha yake, limempa habari, limemwamulia jambo. Sehemu ya ukweli wa maisha yake sasa imo ndani ya maandishi yale, na kuyafuta ni kufuta ushahidi wake bila ya idhini yake. Kabla ya kutumiwa, nakala ya jana ni akiba ya mwandishi. Baada ya kutumiwa, ni amana.

Amana ni neno zito kwa watu wa pwani. Mwekwa amana haulizwi kama kitu kinampendeza. Huulizwa kama kipo. Kwa hiyo mtungaji aliyeikabidhi kazi yake ahifadhi hata toleo linalomtia haya, na zaidi hilo, kwa sababu lililo zuri halihitaji mtetezi, na lenye kosa ndilo litakaloulizwa na aliyedhurika.

Pana hoja ya nne, nayo ni nzito kuliko zote. Kumbukumbu isiyosahau yaweza kuwa dhuluma yenyewe. Mwanafunzi kwa kutojua huandika neno lake la siri ndani ya programu, au huweka majina ya wagonjwa na namba za simu zao ili ajaribie kazi yake. Kesho yake huyaondoa, huona hayapo, hutulia. Hayako mbele, lakini yako nyuma, katika kila hatua iliyotunzwa, na yeyote apewaye kumbukumbu aweza kuyasoma. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na lengo la sheria ya namna hiyo ni kwamba habari za mtu zisikae mikononi mwa wengine pasipo haki. Basi amana mbili zagongana: amana ya kutunza jana, na amana ya kutunza siri.

Kugongana huku hakuvunji kanuni, kwafafanua tu. Neno la siri lililokwisha kuonekana halirudishwi kwa kufutwa. Dawa yake ni kulibadili mara moja. Ama habari za watu wengine, hizo hazikuwa za mwandishi kuziweka pale tangu mwanzo, na kuziondoa ni wajibu. Lakini ziondolewe kwa uwazi. Mahali zilipokuwapo paandikwe kuwa siku fulani mtu fulani ameondoa habari za namna fulani kwa sababu fulani. Siri yaondoka, na ukweli wa kuondolewa wabaki. Mwenye kutoa kitu katika amana na kuandika alichotoa ni mlinzi, na atoaye kimyakimya, hata kwa nia njema, hana cha kumtofautisha na mwizi. Hata mji wa Kilwa Kisiwani wafundisha uwazi huu. Ngome iitwayo Gereza, iliyojengwa kwa namna yake ya sasa katika zama za utawala wa Omani, ina ndani yake mabaki ya ngome ya Wareno, na msikiti mkubwa una sehemu kongwe ya kaskazini na sehemu ya kusini iliyoongezwa baadaye. Ajaye huona mahali pa kwanza palipokomea na pa pili palipoanzia. Wajenzi walibadili mengi, lakini hawakuficha mshono.

Kwa mwanafunzi wa programu, basi, wajibu huu si mkubwa kiasi cha kumtisha. Afanye mabadiliko madogo madogo, kila badiliko na hatua yake, ili kosa likitafutwa lionekane mahali pamoja, lisichanganyike na mapambo. Kama kijana wa Masoko angaliweka hatua moja kwa kupanga mistari upya na hatua nyingine kwa rangi na herufi, tarehe ya kosa ingalijulikana kwa dakika chache. Aandike sababu kwa maneno yenye maana. Kuandika “nimebadili” hakumwambii mtu kitu. Kuandika “nimehamisha mgawo juu ya gharama ili mpangilio upendeze” kungalimfanya mwenyewe asite kabla ya kwenda mbele. Hapa mna faida isiyotajwa sana: alazimikaye kueleza sababu hulazimika kuwa nayo. Na kumbukumbu yake isikae katika kompyuta moja, maana kompyuta huibwa, huanguka, huingia maji ya chumvi. Nakala ya pili mahali pengine ni ulinzi wa amana.

Zaidi ya hayo, azoee kuyasoma ya jana. Kumbukumbu isiyosomwa ni kaburi. Ajisomaye baada ya mwaka mmoja hukutana na mtu mwenye jina lake ambaye alijua kidogo na kujiamini sana, na mkutano huo humpa unyenyekevu ambao mwalimu hawezi kumpa. Tena humpa huruma kwa mwanafunzi ajaye nyuma yake, kwa kuwa huona kwa tarehe na saa ya kuwa naye alikuwa hajui.

Wanaosifu kazi safi husema kuwa kazi njema haina alama ya kosa. Yafaa kusema kinyume kwa heshima. Kazi isiyoonyesha kosa lolote la zamani ni kazi ya mwenye bahati au ya aliyefuta, na msomaji hana njia ya kuwatofautisha. Kazi yenye kuaminika ni ile ambayo kosa lake laonekana, na siku yake yaonekana, na sahihisho lake laonekana, na jina la aliyesahihisha halikufichwa. Mabaharia sita hawakudai kwamba kijana asikosee. Bahari imewafundisha kuwa kila nahodha hupata kupotea. Walidai kujua siku ambayo chombo kiliacha njia. Kijana angaliweza kuwajibu kwa mistari thelathini ya maandishi mabovu na tarehe moja, kama asingalikuwa na haraka ya kuonekana hakukosea.